Oksidesi ya alkoholi ndefu za mafuta: utatuzi wa matatizo ya upimaji wake maabarani

Oksidesi ya alkoholi ndefu, yenye namba EC 1.1.3.20 katika orodha ya kimataifa ya vimeng'enya, huichukua alkoholi ya mafuta yenye mnyororo mrefu wa kaboni, huiondolea atomu 2 za haidrojeni kwa kutumia oksijeni, na huacha aldehaidi ndefu pamoja na haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya hiki hupatikana katika chachu za jamii ya Candida zinazoweza kuishi kwa kula haidrokaboni, katika kotiledoni (majani ya kwanza yaliyomo ndani ya mbegu) za mbegu za jojoba zinazochipua, na katika mimea mingine kadhaa. Katika jojoba ndicho kinachoanza kuivunja sehemu ya alkoholi ya nta iliyohifadhiwa kwenye mbegu. Katika chachu ni hatua ya katikati ya safari inayoanzia kwenye alkani, aina ya haidrokaboni, na kuishia kwenye asidi ya mafuta.

Kwa Kanda ya Kati jambo hili haliko mbali kama linavyosikika. Nta ya maganda ya alizeti, ambayo huyafanya mafuta yaliyokamuliwa Singida au Kongwa yapate ukungu yakikaa mahali pa baridi, ni alkoholi ndefu zilizofungamana na asidi za mafuta, na mwanafunzi anayetaka kujua jinsi viumbe vinavyozitumia alkoholi hizo hukutana na kimeng'enya hiki mapema. Wengi wanaojaribu kukipima katika maabara ndogo za vyuo hukwama, na hukwama mahali palepale walipokwama waliowatangulia. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili hizo zinazojirudia.

Kabla ya dalili yoyote, ni lazima njia ya upimaji ieleweke, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yalipo. Tunachokiona kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na myeyusho, si kazi ya oksidesi yenyewe. Oksidesi hutoa peroksaidi. Peroksaidi hutumiwa na kimeng'enya cha pili, peroksidesi, ambacho tumekiweka sisi. Peroksidesi huioksidisha rangi iitwayo ABTS. Na ABTS iliyooksidishwa hutoa rangi ya kijani-buluu inayosomwa kwenye nanomita 420. Kila kiungo cha mnyororo huu kinaweza kukatika, na kinapokatika, mpimaji hukilaumu kimeng'enya. Ushauri wangu ni kuanza mwishoni na kurudi nyuma, kama afanyavyo fundi aliyeitwa kwenye nyumba isiyotoka maji mjini Dodoma: huanza kwenye koki, kisha mita, kisha bomba la mtaani, wala hapandi gari moja kwa moja kwenda kwenye visima vya Makutupora.

Rangi haitokei kabisa

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na sababu yake ya kwanza ni kwamba mnyororo wa rangi umekufa. Chukua kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) isiyo na oksidesi wala alkoholi, weka bafa (myeyusho unaoshikilia pH), ABTS na peroksidesi, kisha ongeza haidrojeni peroksaidi mpaka ifikie mikromola 10. Rangi inapaswa kutokea ndani ya muda mfupi, na usomaji katika kuveti ya sentimita 1 ukaribie 0.72, kwa kuwa kila molekuli 1 ya peroksaidi huoksidisha molekuli 2 za ABTS, na myeyusho wenye milimola 1 kwa lita ya ABTS iliyooksidishwa hufyonza kwa kiwango cha 36. Rangi isipotokea, usiendelee na jambo jingine lolote. Badilisha peroksidesi kwanza, kisha ABTS, kisha peroksaidi, kimoja baada ya kingine, ili ujue ni kipi kilichokuwa kibovu.

Peroksaidi ndiyo inayostahili kushukiwa zaidi, kwa sababu hujivunja yenyewe polepole kwenye chupa, na joto la Oktoba na Novemba huharakisha jambo hilo. Peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwenye maduka ya dawa ina takriban mola 0.88 kwa lita inapokuwa mpya. Izimue mara 100 kwa maji yaliyokenekwa, usome kwenye nanomita 240 kwa kuveti ya kwatsi, maana kuveti ya kawaida ya plastiki huzuia mwanga wa urujuanimno, na utarajie usomaji wa karibu 0.38. Ukipata nusu ya hapo, peroksaidi imebaki nusu, na hesabu zote zilizotegemea maandishi ya kwenye lebo zirudiwe.

Mnyororo wa rangi ukiwa mzima, sababu inayofuata ni kwamba alkoholi haikifikii kimeng'enya. Hapa hali ya hewa ya Dodoma ina kauli. Dodekanoli, yenye kaboni 12, ambayo ndiyo sabstrati, yaani kitu kinachofanyiwa kazi na kimeng'enya, inayopendelewa na oksidesi ya jojoba, huyeyuka kwenye nyuzi joto 24. DMSO, kiyeyushi ambacho wengi hukitumia kuiyeyushia, huganda chini ya nyuzi joto 18.5. Usiku wa Juni na Julai joto la mji hushuka chini ya nyuzi 15, na maabara isiyopashwa joto huamka nalo. Asubuhi kama hiyo chupa ya myeyusho wa akiba hudanganya: pembeni na chini pana fuwele ngumu zinazong'aa, na katikati pamebaki kimiminika kidogo ambacho pipeti inakivuta bila taabu. Kimiminika hicho hakina tena kiwango cha alkoholi kilichoandikwa kwenye lebo, kwa kuwa sehemu iliyoganda imejitenga na iliyobaki. Chupa yote iwekwe kwenye maji ya nyuzi joto 40 mpaka fuwele ya mwisho iishe, itikiswe, ndipo ivutwe.

Alkoholi zilizo ndefu zaidi zina taabu yao kubwa zaidi. Heksadekanoli, yenye kaboni 16, huyeyuka karibu na nyuzi joto 49, na oktadekanoli, yenye kaboni 18, karibu na 59. Hata zikiyeyushwa vizuri kwenye akiba, mara zinapoingia kwenye bafa ya nyuzi 30 hurudi kuwa chembe ngumu, na kimeng'enya hakiwezi kuzigusa ipasavyo. Dodekanoli yenyewe huyeyuka katika maji kwa kiasi cha miligramu 4 hivi tu kwa lita, ambazo ni karibu mikromola 20. Ndefu kuliko hiyo huyeyuka kidogo mno. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kimeng'enya chake hakiitaki heksadekanoli ajiulize kwanza kama heksadekanoli ilikuwa imeyeyuka. Tone dogo la ditajenti kama Triton X-100, lisilozidi asilimia 0.1 ya mchanganyiko, husaidia, mradi kiasi hichohicho kiwekwe pia kwenye blanki, yaani kuveti ya kulinganishia isiyo na alkoholi. Kwa uchunguzi wa haraka pendelea dekanoli, ya kaboni 10, ambayo huganda karibu na nyuzi 7 na kwa hiyo hubaki kimiminika Dodoma mwaka mzima: ikiwa oksidesi ya chachu inaonyesha kazi kwa dekanoli na haionyeshi kwa heksadekanoli, tatizo huenda liko kwenye uyeyukaji, si kwenye protini.

Sababu ya tatu ni katalesi. Chachu iliyolishwa alkani hujijazia viungo vidogo vya seli viitwavyo peroksisomu, na viungo hivyo vimejaa katalesi, ambayo huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni kabla peroksidesi haijaifikia. Ukitaka kuthibitisha, changanya peroksaidi ya kiwango unachokijua na dondoo la chachu (kilichopatikana kwa kuzivunja seli zake), subiri dakika 1, kisha ongeza peroksidesi na ABTS. Rangi ikipungua sana kuliko ile ya kuveti isiyo na dondoo, mwizi umempata. Tiba ya kwanza ni kuziosha tando za seli, ambazo oksidesi imeshikamana nazo: zitawanye upya katika bafa safi, zizungushe tena kwenye sentrifuji, umwage maji ya juu yenye katalesi iliyotoka. Tiba ya pili ni kuongeza peroksidesi ili ishinde mbio hizo. Tiba ya tatu, na hii ni kwa mwenye usimamizi wa karibu, ni kutumia aminotriazoli inayoizuia katalesi.

Maelekezo mengine hupendekeza sodiamu azaidi badala ya aminotriazoli. Ninawasihi wasomaji wasiifuate njia hiyo. Kwanza, azaidi huiharibu peroksidesi pia, kwa hiyo unaweza kuizuia katalesi na kuua rangi kwa mkono uleule. Pili, azaidi ni sumu kali. Ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu, na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi huweza kujenga chumvi zinazolipuka. Ukikuta chupa ya azaidi imemwagika, au ukigundua kwamba mtu ameimimina kwenye sinki, simama hapo, usimimine asidi wala kitu kingine kuisafisha, toa watu chumbani na umwite msimamizi wa usalama wa maabara.

Sababu ya nne ni vitu vinavyoirudisha ABTS katika hali yake isiyo na rangi. Ditiothreitoli na merkaptoethanoli, ambavyo huwekwa kwenye bafa ili kuilinda protini, hufanya hivyo, na vitamini C pamoja na fenoli za kwenye kotiledoni hufanya vilevile. Dalili yake ni kwamba rangi haitokei kwa dakika kadhaa, halafu inaanza ghafla pale kinga hiyo inapokwisha. Pitisha dondoo kwenye safu ndogo ya kuchujia chumvi, au liweke usiku kucha kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo na kuzuia protini, ndani ya jokofu.

Ya tano ni kwamba kimeng'enya hakikuwahi kutengenezwa. Oksidesi ya Candida tropicalis huzalishwa kwa wingi pale chachu inapolishwa alkani; iliyokuzwa kwenye glukosi pekee haitoi cha maana. Angalia daftari la ukuzaji kabla ya kuilaumu mashine. Ikiwa chachu ilihamishiwa kwenye heksadekani, alkani ya kaboni 16, hakikisha chupa zilitikiswa kwa nguvu, kwa sababu heksadekani huelea juu ya maji na chachu iliyotulia chini haiifikii. Kuhusu sehemu ya dondoo iliyopimwa, kumbuka kwamba oksidesi hii imeshikamana na utando. Ikiwa maabara haina sentrifuji yenye uwezo wa kufikia mara 100,000 ya nguvu ya uvutano, usitupe sehemu yoyote, iwe mashapo au maji ya juu, mpaka zote mbili zimepimwa.

Hapa pana onyo la aina nyingine. Candida tropicalis husababisha maambukizi kwa watu wenye kinga dhaifu. Tumia aina iliyotoka kwenye hazina rasmi ya vijidudu na yenye kumbukumbu. Usitumie iliyooteshwa kutoka kwa mgonjwa kwa sababu tu ilikuwa karibu. Chupa ikivunjika ndani ya sentrifuji, zima mashine, usifungue mfuniko mara moja, na umwite anayehusika na usalama wa kibayolojia.

Rangi hutokea hata pasipo alkoholi

Blanki yenye rangi huwatisha watu kuliko inavyostahili, kwa kuwa chanzo chake kwa kawaida kiko kwenye chupa ya ditajenti. Triton X-100 na jamaa zake wenye minyororo ya polioksiethilini hujikusanyia peroksaidi wanapokaa miaka kwenye rafu yenye mwanga na hewa, na peroksaidi hizo huisomesha ABTS kama kwamba kimeng'enya kinafanya kazi. Tengeneza kuveti yenye bafa, ABTS, peroksidesi na ditajenti peke yake. Ikigeuka kijani, fungua chupa mpya, igawe kwenye vichupa vidogo vilivyojaa hadi juu, na uvitunze gizani.

Ditajenti ikiwa safi, angalia myeyusho wa ABTS, ambao unapokuwa mpya hukaribia kutokuwa na rangi na unapochakaa huwa na kijani hata kabla ya kuguswa. Utengenezwe siku hiyohiyo. Baada ya hapo fikiria mabaki: chachu iliyokuzwa kwenye heksadekani hubaki na mafuta na alkoholi zake yenyewe zilizoshikamana na tando, na dondoo hilo litaonyesha kazi halisi ya kimeng'enya pasipo wewe kuongeza chochote. Ioshe chachu kwa bafa mara kadhaa kabla ya kuivunja. Kwa dondoo la mmea kuna uwezekano wa peroksidesi na lakesi za mmea wenyewe, na hizi hutambulika kwa jaribio jepesi: chemsha sehemu ya dondoo kwa dakika 10 na ulinganishe. Rangi inayobaki baada ya kuchemsha inatoka zaidi kwenye kemikali kuliko kwenye kimeng'enya chochote.

Mchanganyiko una ukungu na usomaji unapanda na kushuka

Kwanza futa kuveti. Katika miezi ya kiangazi vumbi la Dodoma hupenya hata madirisha yaliyofungwa, na alama moja ya kidole yenye vumbi hutosha kuuyumbisha usomaji.

Pili, angalia maji. Maji ya visima vya ukanda huu yana madini mengi, kama anavyojua kila aliyeona ukoko mweupe ndani ya birika lake, na kalsiamu iliyomo huungana na fosfati ya bafa kuwa mashapo laini yasiyoonekana kwa macho mpaka yapigwe na mwanga. Maji yaliyokenekwa mara moja kwa chombo chenye ukoko hayatoshi. Pima uwezo wake wa kupitisha umeme, au fanya jaribio la kawaida: iache bafa usiku kucha, kisha iangalie dhidi ya karatasi nyeusi.

Tatu, ukungu unaweza kuwa matone ya alkoholi yenyewe. Wengine hujaribu kuupima kwa kusoma kwenye nanomita 600 huku ABTS ikiwemo, jambo ambalo halifai, kwa kuwa ABTS iliyooksidishwa hufyonza mwanga katika eneo hilo pia. Acha ABTS nje, weka vingine vyote, usome kwenye 420 kwa dakika 5. Mstari ukipanda bila ABTS, unachokipima ni ukungu. Punguza alkoholi kwa nusu na urudie.

Inaanza vizuri, kisha mstari unapinda

Ukizimua oksidesi kwa nusu na mstari ukanyooka kwa muda mrefu zaidi, ulikuwa umeweka kimeng'enya kingi mno, na usomaji ulipita kiwango ambacho mashine inaaminika. Nyingi huanza kudanganya zikipita 1.5 au 2. Hilo ndilo jibu mara nyingi, nalo halihitaji fedha.

Kama kuzimua hakusaidii, geukia pH. Oksidesi hii hufanya kazi vizuri upande wa alkali, ile ya jojoba karibu na pH 9, ilhali ABTS iliyooksidishwa haidumu katika alkali na peroksidesi yenyewe hupenda pH ya chini zaidi. Vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi kwenye kuveti moja wakati kila kimoja kinataka mazingira yake haviwezi kuridhika vyote. Wapo wanaochagua pH 7.5 na kukubali kupoteza sehemu ya kasi. Wapo wanaofanya hatua mbili, yaani kuiacha oksidesi ifanye kazi kwenye alkali kwa dakika chache, kisha kushusha pH na kupima peroksaidi iliyokusanyika. Mimi naona njia ya kwanza inafaa kwa kulinganisha sampuli nyingi kwa haraka, na ya pili kwa yeyote anayetaka kutoa takwimu za kasi zitakazosimama mbele ya wasomaji wengine.

Bafa ya Tris huongeza tatizo jingine, kwa sababu pH yake hushuka kwa takriban 0.028 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka. Iliyopimwa saa mbili asubuhi kwa nyuzi 20 na kutumika saa nane mchana kwa nyuzi 30 imeshuka karibu 0.3, na aliyepima asubuhi hatapata matokeo ya mwenzake wa mchana. Pima pH ya bafa kwenye joto lilelile litakalotumika.

Mwisho kuna uchovu wa kweli: aldehaidi na peroksaidi zinazozalishwa huweza kukidhuru kimeng'enya. Hili huthibitishwa kwa kuongeza oksidesi mpya kwenye kuveti iliyosimama. Mstari ukipanda tena, ile ya kwanza ilikuwa imekufa. Ukiongeza alkoholi badala yake na mstari ukapanda, ilikuwa imeishiwa sabstrati.

Kimeng'enya chenye nguvu asubuhi, hakina kitu jioni

Mwanga ndio mshukiwa wa kwanza, na ninausisitiza kwa sababu maelekezo mengi ya jumla ya kutunza protini hayautaji. Oksidesi ya alkoholi ya Candida tropicalis na ya chachu nyingine, Yarrowia lipolytica, inajulikana kwamba hudhurika kwa mwanga. Katika maabara yenye madirisha makubwa ya kuelekea magharibi, mrija ulioachwa mezani kwenye barafu umelindwa dhidi ya joto lakini haukulindwa dhidi ya jua. Gawa dondoo kwenye mirija 2, mmoja uufunge kwa karatasi ya foili, yote ikae kwenye barafu ileile kwa saa 1, kisha uipime. Tofauti ikiwa kubwa, kuanzia hapo kila hatua ifanyike kwenye mirija iliyofungwa, na pazia lishushwe.

Sababu ya pili ni umeme. Friza iliyozimika usiku na kuwaka alfajiri huonekana asubuhi kama vile haikuwahi kuzimika. Gandisha kikombe cha maji ndani yake, uweke sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, na ukiache humo daima. Siku utakayoikuta sarafu imezama ndani ya barafu, friza iliyeyuka, na dondoo zote zilizokuwemo zimeganda mara mbili. Zipimwe upya kabla ya kuaminiwa. Gawa dondoo kwenye vijisehemu vidogo, kila kimoja cha matumizi ya mara moja.

Baada ya hayo, na baada ya hayo tu, fikiria vimeng'enya vinavyokula protini. Ongeza kizuizi cha proteasi wakati wa kuvunja seli, na fanya kazi yote kwa baridi. Friza au sentrifuji yenyewe ikiwa na hitilafu, iwe ni sauti ya kugonga, harufu ya kuungua au mtikisiko, zima na uchomoe, wala usiifungue kwa bisibisi. Rota ya sentrifuji ya kasi iliyopata ufa huweza kupasuka, na ukaguzi wake ni kazi ya fundi aliyesomea mashine hizo.

Elektrodi ya oksijeni inatoa namba zisizolingana na za wengine

Wapo wanaopima oksijeni inayotumiwa na oksidesi kwa elektrodi badala ya rangi, na hapa maabara za Dodoma zina sababu yao. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,120, kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 12 chini ya ile ya pwani, na maji yaliyoshiba hewa kwa nyuzi joto 25 huwa na oksijeni ya karibu mikromola 225, si 258 kama majedwali ya usawa wa bahari yanavyoonyesha. Anayeiweka elektrodi yake sawa kwa kutumia namba ya jedwali atatoa kasi iliyozidi kwa kiasi hichohicho katika kila kipimo. Tumia kanieneo iliyosomwa siku hiyo mahali hapo.

Kama tofauti ni ya nusu hasa, mtazame tena katalesi: peroksaidi inapovunjwa, nusu ya oksijeni iliyotumika hurudi kwenye maji, na elektrodi huona nusu tu ya kazi iliyofanyika. Na kama ni ya mara mbili kwenye njia ya rangi, rudi kwenye hesabu. Mabadiliko ya 0.18 kwa dakika ni mikromola 5 za ABTS kwa dakika, lakini ni mikromola 2.5 tu za peroksaidi, na kwa hiyo 2.5 za alkoholi.

Rangi ipo, lakini aldehaidi haionekani

Anayechukua mchanganyiko kwenda kuupima kwa kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, na asione aldehaidi asikimbilie kusema kwamba rangi ilikuwa ya uongo. Tris ina kundi la amini linaloishika aldehaidi. Badilisha uweke fosfati. Dondoo lisilosafishwa lina dihaidrojenesi ya aldehaidi, ambayo ikipata NAD, molekuli inayosaidia vimeng'enya, huigeuza aldehaidi kuwa asidi. Tafuta asidi ya mafuta yenye idadi ileile ya kaboni. Aldehaidi ndefu pia hujioksidisha hewani, kwa hiyo toa sampuli kwa heksani mara mmenyuko unaposimamishwa, na uipime siku hiyohiyo.

Njia ya kuinasa aldehaidi kwa dinitrofenilihaidrazini ni nzuri na ina unyeti mkubwa, lakini kemikali hiyo huuzwa ikiwa na unyevu kwa sababu ikikauka hulipuka kwa msuguano au mshtuko. Chupa iliyokaa muda mrefu, yenye unga mkavu shingoni au mfuniko ulioganda, isiguswe, isitikiswe, isijaribiwe kufunguliwa hata kwa nia ya kuongeza maji. Funga chumba, weka tangazo mlangoni, na uongozi wa maabara uwasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ili ielekeze namna ya kuiondoa.